Agneta, Muuza Kimya

Agneta Nasike ni rafiki yangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Ni mkaidi, kichwa ngumu kabisa. Ukimwambia mahali fulani ni pazuri, lazima kwanza aende mwenyewe, akae hapo kutwa nzima jua likimchoma, halafu arudi akwambie ulidanganywa. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja cha kazi Kitale, mimi Nyaruai upande wa mlangoni na mapazia yangu, yeye upande wa ndani na meza yake na darubini moja kuukuu. Juu ya mlango tuliandika MAPAZIA NA SAFARI. Waliotaka kucheka walicheka.

Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu mahali pa kwenda likizo. Si wazungu, hapana. Wazungu wana watu wao. Wateja wa Agneta walikuwa walimu, manesi, kwaya za kanisa, akina mama wa chama. Na miaka hiyo ya elfu mbili, safari ya watu wa kwetu unaijua: basi, spika kubwa kama kabati, mbuzi wawili wa kuchoma, kreti za soda, na mti wowote wenye kivuli. Mkiondoka hapo, hata ndege wanabaki wakikohoa moshi. Agneta hakutaka hayo. Yeye alitaka watu waende mahali, waone, wanyamaze, na waondoke pakiwa vile walivyopakuta.

"Wanyamaze?" nilimwuliza siku ya kwanza. "Yaani wewe unataka Mluhya akulipe ili anyamaze?"

"Wewe ngoja tu," akasema.

Na alikuwa anachagua mahali kama mtu anayechagua mchumba wa mwanawe. Kulikuwa na hoteli moja, sitaitaja, ambayo mwenyewe alimfunga tumbili kamba kiunoni ili wageni wamnyweshe soda. Alimwahidi Agneta mambo makubwa akimletea watu. Agneta alirudi Kitale amenuna, hata chai niliyomwachia kwenye thermos hakuigusa. "Ananyonya kwa mrija, Nyaruai! Tumbili mzima, kwa mrija, bana!" Hakuwahi kumpeleka mtu huko, ingawa wateja waliomba. Maporomoko ya mto Nzoia kule karibu na Webuye aliyakubali, lakini kwa masharti: muende wachache, chakula mnunue kwa akina mama wa pale pale, na takataka kila mtu arudi nazo kwake. Mwalimu mmoja wa Kiminini alibeba maganda ya ndizi ndani ya mkoba wa ngozi mpaka nyumbani, akanilalamikia mimi. Mimi! Kana kwamba ni mimi niliyemwoa Agneta.

Mteja akiingia kutafuta Mombasa, Agneta alimkalisha, akamweleza habari za msitu wa Elgon na mapango ambayo ndovu huingia kulamba chumvi, mpaka yule mtu anatoka amesahau bahari. Nilikuwa nakasirika kwa kweli. Nilimwambia, "Mtu akitaka bahari, si umuuzie bahari!" Akanijibu ati bahari haihami, lakini msitu unaweza kuhama kwa msumeno, kwa hiyo auone kwanza. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini?

Lakini nampenda. Nasema wazi, nampenda. Nimewaona watu wakirudi kutoka safari zake. Kulikuwa na manesi fulani walioondoka wakizozana juu ya viti vya basi, wakarudi jioni wamelegea, wanaongea taratibu, mmoja ananionyesha kwa mikono jinsi korongo anavyocheza akiwa na taji lake kichwani. Mtu mzima, nesi mkuu, anacheza kama korongo katikati ya mapazia yangu! Hayo huyapati kwa spika.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda, naye ni mama yake.

Mama Agneta alikuwa anaishi Bungoma, upande wa Sang'alo, na alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao. Usidharau cheo hicho. Wanawake wa huko hawakununua hata sufuria kabla ya kusikia Mama Agneta amesemaje. Na alichosema kuhusu kazi ya bintiye kilijulikana mpaka sokoni: "Nilimsomesha kwa jasho, sasa anauza matope." Kwake yeye kinamasi ni mahali pa kupanda nduma na kupoteza ng'ombe. Nani mwenye akili timamu apande basi kwenda kukitazama?

Agneta alikuwa anacheka akisimulia hayo, lakini mimi nashinda naye, najua. Kila mara mama yake aliposema hivyo, alikuwa anapanga upya vitu vya mezani ambavyo havikuhitaji kupangwa. Halafu mwaka wa 2005 wale akina mama wa kanisa wenyewe wakaomba, ati wamesikia kwa manesi, wanataka kwenda kumwona nzohe kule kwenye kinamasi cha Saiwa mwezi wa Desemba. Nzohe ni yule swala wa majini, mwenye kwato ndefu, anayejificha kwenye mafunjo. Mama Agneta aliwaruhusu, lakini yeye akasema hatakanyaga huko. Angewasubiri warudi, awaulize wameona nini, kisha atoe neno.

Neno hilo ndilo lililomnyima Agneta usingizi. Mama yake akisema safari ni upuzi, basi Bungoma yote imefungwa, hakuna kwaya, hakuna chama, hakuna mtu. Na zaidi ya Bungoma, ni mama yake. Alitaka mama yake aseme kwamba anachofanya ni kazi. Alitaka tu hivyo. Aliniambia mwenyewe.

Basi alipanga safari ile kama harusi. Saiwa kuna njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya matope, unapita katikati ya mafunjo bila kuyakanyaga. Chemutai, askari wa wanyama wa pale, alimwambia wazi: watu wasijazane, waingie kwa makundi mawili, na asitoke hata mmoja nje ya mbao. "Akitoka mmoja, mnarudi wote nyumbani," alisema, na Chemutai si mtu wa mzaha. Agneta akapanga kundi moja liingie upande wa juu na lingine upande wa chini, wakutane katikati, wapishane. Alinipeleka mimi wiki iliyotangulia kujaribu. Tukasimama ubavu, tumbo kwa tumbo, tukapishana tukicheka. "Umeona? Inawezekana," akasema. Alifikiria viatu. Alifikiria upepo. Alifikiria hata rangi: vitambaa vyeupe vya kanisa vingemtisha mnyama, kwa hiyo nikatoa pazia la kijani, jora zima, nikalikata vipande wanawake wajifunge kama leso. Jora langu zuri! Nilinung'unika wiki nzima, lakini nilikata.

Asubuhi ya safari, kijana mmoja, Kizito, aliyekuwa aongoze kundi la pili, akaamka shavu limevimba kwa jino. Agneta akampigia simu mumewe, Wekoye. Wekoye alikuwa afisa wa kilimo, alikuwa likizo, na ndege anawajua kwa majina kuliko anavyowajua majirani. Akasema haya, nitakuja kwa baiskeli, nitasimama lango la chini na kuwapokea. Mambo yakawa sawa.

Kisha basi la Bungoma likafika, mlango ukafunguliwa, na wa kwanza kushuka akawa Mama Agneta.

Amevaa kitambaa cheupe, mkoba kwapani, uso umekunjwa. "Nimekuja kuona hayo matope," akasema, hata salamu hakuna.

Woi! Laiti ungemwona Agneta. Alishika mdomo kwa mikono miwili. Alimkumbatia mama yake mpaka kitambaa kikaanguka, akamfunga pazia la kijani yeye mwenyewe, akalifunga vibaya, akalifungua, akalifunga tena. Alimweka kwenye kundi lake, mbele kabisa, kwa sababu mwenyekiti hatembei nyuma. Na katika furaha hiyo, Agneta aliyekumbuka viatu na upepo na rangi, akasahau kitu ambacho hata mtoto wa Kibukusu hasahau.

Kwa Wabukusu, mama na mume wa binti yake hawakutani. Heshima yao ni umbali. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakionana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Wekoye alipokwenda Sang'alo alikuwa anakohoa tangu barabarani, na mama mkwe anatokea mlango wa jikoni. Miaka yote ya ndoa ile, walijuana kwa kikohozi. Sasa Agneta alikuwa amewapanga, mmoja huku na mwingine kule, waje wakutane tumbo kwa tumbo juu ya mbao mbili, na pande zote ni matope. Wale wanawake wa kundi la chini walimwona ni Wekoye anayewaongoza, lakini kila mmoja alidhani Agneta hawezi kukosa kulifikiria.

Mimi Mkikuyu sikujua chochote. Nilikuwa nyuma ya Mama Agneta nikipambana na viatu vyangu. Tulikwenda polepole, maji yakinuka nyasi mbichi, tumbili wenye ndevu nyeupe wakitupiga jicho kutoka mitini. Mama Agneta hakunyamaza. Mbao hizi zitaoza. Hapa pangefaa nduma. Huyo nzohe yuko wapi, au na yeye amelipwa aje? Agneta, aliyekuwa mbele yake, mabega yalianza kumshuka. Nilimwonea huruma mpaka nikatamani kumfinya yule mama, Mungu anisamehe.

Tukazunguka kona ya mafunjo, na pale mbele, karibu kabisa, Wekoye anakuja na darubini machoni anatafuta ndege juu, akina mama wamemfuata kwa mstari.

Mama Agneta alitoa sauti ndogo kooni. Kufumba na kufumbua, lile pazia langu likawa limefunika kichwa na uso, na yeye ameipa njia mgongo, anatazama mafunjo. Nyuma yangu nikasikia wanawake wote wakivuta pumzi kwa pamoja. Wekoye akashusha darubini. Jamani, mwanamume aligeuka rangi! Akageuza uso upande wa pili haraka, akataka kurudi nyuma, lakini nyuma yake kulikuwa na wanawake kumi na kitu wasiojua kurudi kinyumenyume.

"Ni nini?" nikanong'ona.

"Ni mkwewe," akanijibu mama mmoja nyuma yangu, kwa sauti ya msibani.

Na Agneta alikuwa katikati yao, macho yamemtoka. Nadhani ndipo alipoelewa alichofanya.

Mama Agneta akainua sketi kwa mkono mmoja. "Mimi nitapita huku," akasema kutoka ndani ya pazia, na akanyoosha mguu nje ya mbao, juu ya matope. Kwake hilo halikuwa jambo la kufikiria. Heshima ni heshima. Ungekuwa moto angepita kwenye moto. Kule mwisho wa mbao nikamwona Chemutai amesimama wima, anatutazama.

Sasa Agneta afanye nini? Amkemee mama yake mbele ya kanisa zima? Au amwache aingie, na safari iishie pale, na neno la Bungoma liwe limeshatoka? Kisha akasema kwa upole sana, "Mama, hapo ni kwa mtu. Utaingiaje bila hodi?"

Mguu ulibaki hewani. Mama Agneta akafunua pazia kidogo ili atazame anapokanyaga. Halafu hakukanyaga. Aliurudisha ule mguu juu ya mbao polepole, nikashangaa, maana hakuwa mtu wa kurudisha mguu. Nikafuata macho yake.

Nzohe alikuwa pale pale, maji yamemfika tumboni, manyoya ya kahawia yamelowa, anatafuna. Alikuwa ametutazama muda wote tukifanya mambo yetu. Alikuwa karibu mno, niliona unyevu wa pua yake.

Wekoye hakujua. Alikuwa bado anajaribu kurudi kinyumenyume, na ubao ukalia chini ya kiatu chake. Masikio ya nzohe yakageuka.

"Agneta," akasema Mama Agneta, bila kugeuka, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mwambie huyo mtu asimame."

Wekoye alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Alisikia kila kitu. Lakini hakuambiwa yeye, kwa hiyo alingoja.

"Wekoye," Agneta akanong'ona, "mama anasema simama."

"Mwambie nimesimama."

"Mama, amesimama."

"Mwambie atazame huku, kando ya hilo funjo lililovunjika. Lakini asinitazame mimi."

Agneta akamwambia. Wekoye akageuka taratibu, akaegemea upande wake, macho juu ya kichwa cha mama mkwe wake, na akaona. Mstari mzima ukatulia. Akina mama wale, ambao kanisani husikika mpaka barabarani, hakuna aliyekohoa.

Baada ya muda Wekoye akanong'ona, "Mwambie mama kuna mtoto nyuma yake."

"Mama, kuna mtoto nyuma yake."

"Wapi? Muulize wapi, mimi simwoni."

"Wapi, anauliza."

"Kulia. Pale penye kivuli. Masikio tu ndiyo yanaonekana."

"Kulia, mama. Masikio."

Mama Agneta akasogeza kichwa. "Mayi we," akasema polepole. "Mdogo hivyo! Mwambie... mwambie huyo mtu ana macho mazuri."

Agneta alifungua mdomo na hakuna kitu kilichotoka. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na yeye mwenyewe hata nzohe hakuwa amemwona, maana alikuwa ameyapa mafunjo mgongo, kazi yake kugeuza kichwa huku na huku akibeba maneno. Nikambinya mkono. "Sema, wewe," nikamwambia, "mume wako anangoja." Akafuta kidevu, akayasema. Wekoye akainamisha kichwa kama mtu aliyepewa baraka.

Nzohe alipotosheka na sisi, aliondoka na mwanawe, mafunjo yakafunga nyuma yao. Kisha Mama Agneta akajifunika uso vizuri, akageukia mafunjo, akasema, "Mwambie apite. Mimi siangalii." Na Wekoye akapita nyuma ya mgongo wake, amejibana, mikono juu kama mtu anayevuka mto, akitazama mawingu tu. Wakapishana. Hawakugusana hata ukingo wa nguo. Akina mama nao wakapishana mmoja mmoja, kimya, na nikaona wengine wanafuta macho kwa pazia langu.

Huko langoni walikula mahindi na viazi vitamu, Wekoye akala upande mwingine wa nyumba ya walinzi, kama inavyotakiwa. Agneta hakula. Alikaa na mimi kwenye jiwe, mikono kati ya magoti, akingoja. Mama yake hakusema neno. Alikula, akanawa, akatikisa pazia, akalikunja vizuri, akanirudishia. Kisha akapanda basi, akasimama kwenye ngazi, na akina mama wote wakanyamaza, maana wanajua mwenyekiti akisimama hapo ni nini.

"Mwaka ujao tunarudi," akasema. "Na kazi hii ya mwanangu asije mtu akaicheka mbele yangu, nitamjibu. Yule mtu mwenye macho ndiye atakayetuongoza. Yeye atatangulia, mimi nitakuwa wa mwisho kabisa. Akiona kitu, amwambie Agneta. Agneta amwambie huyu Mkikuyu wake, naye aseme nyuma, mmoja kwa mmoja, mpaka kinifikie. Na mtu asibadilishe maneno njiani."

Agneta alisimama kwenye vumbi la barabara, analia na kucheka pamoja, na mama yake akamtazama kutoka ngazini, akamwambia, "Sasa unalia nini? Njoo hapa, hujala."